Nani Ameshika Siri? Knives Out, Glass Onion na Kazi ya Kuandika Sehemu ya Pili

Hotuba hii niliitoa Kirumba, Mwanza, mbele ya vijana wanaoandika na kutengeneza filamu huku kandokando ya ziwa. Walioshindwa kufika waliomba niiweke yote. Vipande vya filamu nilivyoonyesha ukutani nimeviacha. Maneno ni yaleyale.

Mwadila, ndugu zangu! Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana wa Igoma, wa Buhongwa, wa Nyakato, na ninyi mliovuka daraja asubuhi kutoka Sengerema, karibuni sana. Naona hata waliokosa viti wamesimama mlangoni. Sogeeni, nafasi ipo pembeni huku.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu: sehemu ya pili. Filamu ya mauaji imetoka, watu wameipenda, sasa wanadai nyingine. Unawapa nini? Swali limeletwa kwangu kwa sababu mmebishana mpaka sauti zimekauka juu ya Knives Out ya 2019 na Glass Onion ya 2022. Ipi kali? Zote mbili zimeandikwa na kuongozwa na Mmarekani mmoja, Rian Johnson. Mpelelezi ni yuleyule, Benoit Blanc, anayeigizwa na Daniel Craig. Wengi wenu mmeziona, wengine kwenye simu, wengine kwa flashi iliyozunguka mikono mingi. Na kila mmoja ana upande wake.

Mimi nina upande wangu pia, na nitausema. Lakini kwanza nitoe tahadhari. Leo nitawataja wauaji. Filamu ya mauaji haichambuliki kwa kuzungukazunguka. Ukimficha muuaji utaishia kusifia nguo na nyumba. Kwa hiyo ambaye hajaziona, na anataka kuziona akiwa hajui kitu, atoke sasa. Hakuna atakayemshangaa.

Hakuna aliyetoka. Haya, twende.

Ndugu zangu, sisi tulilelewa na sehemu ya pili ya namna yetu. Mnazikumbuka DVD za Bongo Movie? Unanunua, unakaa na familia, unaangalia. Mambo yamepamba moto, mke amepata barua, anaifungua, anapiga kelele, skrini inakuwa nyeusi: itaendelea. Sehemu ya pili inauzwa peke yake! Hadithi moja imekatwa vipande viwili ili mtu atoe pesa mara mbili. Siwalaumu waliofanya hivyo, soko lilikuwa gumu na wasambazaji ndio walioshika bei. Lakini lilitufundisha vibaya. Lilitufundisha kwamba sehemu ya pili ni mkia wa sehemu ya kwanza.

Glass Onion si mkia. Familia ya Thrombey, ile ya filamu ya kwanza, hatuioni tena, nesi Marta hatumwoni, ile nyumba ya zamani kule Massachusetts iliyojaa vinyago na visu imeachwa kabisa. Tuko kwenye kisiwa cha Ugiriki, Mei 2020, dunia imejifungia kwa sababu ya korona. Aliyerudi ni mpelelezi peke yake. Johnson alitaka kila filamu ijitegemee, na alisema hadharani kwamba yale maneno yaliyobandikwa chini ya jina la filamu ya pili, ya kuwakumbusha watu kwamba hili nalo ni fumbo la Knives Out, yalimkera.

Na sikilizeni hili, linafikirisha. Knives Out ilipopendekezwa kuwania Oscar, iliwekwa kwenye kundi la skripti asilia. Glass Onion nayo ikapendekezwa, lakini kwenye kundi la skripti zilizotokana na kazi nyingine. Mwandishi yuleyule! Hadithi mpya, kisiwa kipya, maiti mpya. Lakini kwa kuwa Benoit Blanc alikwishakuwepo, kwa sheria zao kazi hiyo imetoka kwenye kazi iliyotangulia. Ukimrudisha mtu mmoja tu, tayari una deni kwa ulichokifanya jana.

Waandishi wetu wa Kiswahili walilijua deni hilo kabla yetu. Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha 1960. Mwaka 1968 akamrudisha katika Kisima cha Giningi, na akaendelea kumrudisha. Kilichorudi ni nini? Kiko chake, rafiki yake Najum, na ile akili isiyo na haraka. Kisa ni kingine, watu ni wengine. Msomaji alifungua kitabu kipya kwa ajili ya mtu aliyemzoea, na akakuta kazi mpya ya kufikiri. Mzee yule hakumuuzia msomaji wake kitabu kimoja mara mbili.

Basi kumrudisha mpelelezi ni rahisi. Mvalishe tai nzuri, mpe lafudhi yake, watu watapiga makofi. Ugumu uko kwingine. Ugumu uko kwenye siri: nani ameishika, na mtazamaji anapewa lini. Hapo ndipo filamu hizi mbili zinapoachana, na hapo ndipo nataka tukae leo.

Nikiwa mtoto kulikuwa na kibanda umiza kule Mabatini. Mabenchi ya mbao, bati juu, joto la kuchemka, TV moja imewekwa juu ili wa nyuma waone. Tuliangalia mikanda ya kutafsiriwa. Lufufu ndiye aliyekuwa mfalme wa kazi ile nchini, lakini kibanda chetu kilikuwa na mtafsiri wake wa palepale, kakaa na maikrofoni pembeni ya TV. Huyu kaka alikuwa hawezi kutunza siri. Filamu inaanza tu, anatokea jamaa wa koti refu, mtafsiri anasema: "Mwangalieni vizuri huyu. Huyu ndiye atakayemmaliza mzee!"

Leo mtu angesema ameharibu filamu. Je, tulidai pesa zetu? Tulitoka nje? Hakuna aliyenyanyuka kwenye benchi! Tangu dakika ile hatukumwondolea macho yule wa koti. Akicheka, tunaogopa. Akimwagia mzee chai kikombeni, tunaogopa. Steringi anakaribia mlango, kibanda kizima kinapiga kelele, "Usiingieee!" Tulikuwa tumepewa siri, na siri ilitutesa kuliko vile ambavyo kutojua kungetutesa.

Knives Out inafanya kazi ya yule mtafsiri.

Harlan Thrombey, mwandishi tajiri wa riwaya za mauaji, anakutwa amekufa, koo limekatwa, asubuhi baada ya sherehe ya kutimiza miaka 85. Watoto, mkwe, mjukuu, wengi wana sababu ya kufurahia kifo chake: huyu amefukuzwa kazi, yule amefumaniwa, yule mwingine alikuwa anachukua ada ya mtoto mara mbili. Tumejiandaa kukisia. Lakini hata nusu ya filamu haijafika, tunaonyeshwa usiku wenyewe. Nesi wake, Marta Cabrera, amechanganya vichupa viwili vya dawa na, kwa anavyoona, amemdunga mzee mofini ya kumuua. Mzee anakataa kuitiwa ambulensi. Mama yake Marta anaishi Marekani bila vibali, polisi wakiingia familia hiyo itasambaratika. Kwa hiyo mzee anampangia Marta maneno ya kusema na njia ya kutokea, kisha anachukua kisu, anajikata mwenyewe.

Jibu tumepewa! Sasa tunabaki tukiangalia nini? Tunabaki tukimwogopea Marta. Na Johnson amefanya jambo la ukatili mkubwa hapa: Marta akisema uongo anatapika. Siri nzito kuliko zote amepewa mtu ambaye mwili wake hauwezi kuitunza. Kila polisi akifungua mdomo kumuuliza, tunashika pumzi. Mpelelezi anamchukua awe msaidizi wake, anatembea naye juu ya nyayo zake mwenyewe kwenye tope, na kuna tone la damu kwenye kiatu chake. Usiingie, Marta! Usijibu, Marta!

Halafu, chini ya siri hiyo kuna siri nyingine. Ransom, yule mjukuu mtanashati anayeigizwa na Chris Evans, ndiye aliyebadilisha dawa kwenye vichupa. Alijua babu amemwandikia Marta mali yote, na muuaji harithi. Alitaka Marta aue bila kujua. Lakini mikono ya Marta ilikuwa imezoea dawa zile. Ilichagua dawa sahihi bila kusoma kibandiko. Hakumdunga mofini ya kumuua. Hana hatia kwa sababu ni nesi mzuri. Mimi nikifika hapo husimamisha filamu nikae kidogo. Mwandishi ameliweka jibu la fumbo zima ndani ya utu na kazi ya mhusika wake, halijaokotwa chini ya zulia.

Sasa tugeukie Glass Onion. Tajiri wa teknolojia, Miles Bron, anaigizwa na Edward Norton, anawaalika marafiki zake kisiwani kucheza mchezo wa mauaji. Anafika pia Andi, mwenzake wa zamani ambaye Miles alimdhulumu kampuni. Andi ni mkimya, macho makali, mavazi ya kifahari. Hatujui anawaza nini. Tunamwona kwa mbali. Halafu rafiki mmoja, Duke, anakunywa glasi anakufa, taa zinazimika, Andi anapigwa risasi. Karibu nusu ya filamu imekwisha.

Hapo ndipo inaturudisha nyuma na kutuambia: yule hakuwa Andi. Andi alikwishauawa kwake kabla ya safari. Huyu ni pacha wake, Helen, mwalimu wa shule kutoka Alabama, aliyekwenda kumwomba Blanc amsaidie. Tangu walipopanda boti, Blanc na Helen wameshika siri, na sisi tumeachwa nje.

Mnaiona tofauti? Katika ya kwanza, mtazamaji na mtuhumiwa wako upande mmoja, mpelelezi yuko upande wa pili. Katika ya pili, mpelelezi na mlalamikaji wako upande mmoja, na mtazamaji ndiye anayefichwa. Johnson hakuongeza maiti tu wala hakuongeza fahari tu. Amehamisha siri kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kwa hilo namvulia kofia, kwa sababu waandishi wengi wakipata mafanikio hurudia mkono uleule mpaka watu wachoke.

Lakini kuhamisha huko kuna gharama, na hapa ndipo ninapotofautiana na dada yangu aliyesema wiki iliyopita kwamba ya pili imeipita ya kwanza. Kwa karibu nusu ya Glass Onion sina mtu wa kumwogopea. Ninafurahi, ninacheka, ninashangaa mapambo. Siogopi. Ile damu ya kiatu cha Marta ilinishika shingo. Hapa nimekaa kama mgeni wa harusi anayesubiri chakula. Siri inapofunguka ninashtuka sana, ndiyo, lakini mshtuko hupita. Hofu ya Marta ilidumu mpaka dakika za mwisho.

Kwa upande mwingine, na hili nawaomba mlijaribu, rudieni Glass Onion baada ya kujua. Mwangalieni Janelle Monáe tangu anaposhuka bandarini. Anamwigiza Helen, ambaye naye anamwigiza Andi. Ule ukimya tuliodhani ni kiburi, sasa unauona ni mwalimu wa shule aliyejaa woga, anayejaribu kukumbuka aseme nini. Ile filamu niliyosema haina mtu wa kumwogopea, kumbe alikuwepo tangu mwanzo, nilikuwa sijaonyeshwa. Mara ya pili niliipenda zaidi ya mara ya kwanza, na ni filamu chache za mauaji zinazoweza kusemwa hivyo.

Nimesema sana juu ya siri. Niseme juu ya watu, maana kuna jambo kwenye Knives Out ambalo sisi wa hapa tunalijua hata kabla hatujaonyeshwa.

Familia ya Thrombey inampenda Marta. Kila mara wanamwambia yeye ni mmoja wao. Lakini sikilizeni wanavyosema alikotoka: mmoja anasema Ecuador, mwingine Paraguay, mwingine Uruguay, mwingine Brazili. Hakuna anayejua! Mazishini hakualikwa, na mmoja mmoja wanamnong'oneza kwamba wao walitaka aje, ila walizidiwa kura. Wosia ukisomwa na jina lake likatajwa, upendo wote unageuka ngumi.

Kuna nyumba moja hapa mjini, sitaisema ni mtaa gani. Bibi aliugua miaka, na aliyemlea ni binti kutoka Ukerewe. Binti alijua bibi ameze nini saa ngapi, alijua bibi akilala upande wa kushoto anakohoa. Wageni wakija waliambiwa, "Huyu ni mtoto wetu kabisa." Bibi akafa. Siku ya arobaini familia ikakaa kuzungumzia mali, na binti akawa ameketi mlangoni, kama alivyozoea. Shangazi mmoja akamgeukia kwa sauti ya upole kabisa: "Mama, hebu kawashe jiko." Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemfukuza. Lakini kila mtu pale sebuleni alielewa, na yeye alielewa kuliko wote.

Mtu aliyekaa kwenye sebule ile ataiandika Knives Out ya Mwanza bila kuiga chochote. Anachohitaji ni kiwanda cha minofu ya sangara, mzee mwenye nacho, nyumba juu ya mawe ya Capri Point, na binti aliyejua saa za dawa.

Glass Onion haina sebule hiyo. Ina kitu kingine, nacho tunakijua vilevile: machawa. Wale marafiki wa Miles, kuna mwanasiasa anayetaka useneta, mwanasayansi, mbunifu wa mitindo, kijana wa video za mtandaoni. Wote wanakula kwa Miles. Andi alipompeleka Miles mahakamani, wote walisimama wakasema uongo kwamba wazo la kampuni lilikuwa la Miles. Miles anasema upuuzi mezani, wanatikisa vichwa. Anatunga maneno ambayo hayapo kwenye lugha yoyote, wanasema ni akili kubwa. Na jibu la fumbo ni kwamba Miles ni mjinga! Blanc anakasirika kabisa kwa ujinga huo. Alitafuta ujanja ndani ya ujanja, kumbe tajiri alimwekea rafiki yake juisi ya nanasi mbele ya macho ya kila mtu, akijua rafiki huyo ana mzio wa nanasi nalo litamuua, kisha akatangaza kwamba Duke alichukua glasi isiyo yake, na wote wakaamini kwa sababu wamezoea kumwamini.

Ndugu zangu, mimi nimekaa kwenye meza hiyo. Miaka ya nyuma kundi moja hapa lilipata mfadhili wa filamu. Mtu mwenye fedha, mkarimu, alilipa chakula na kamera. Baada ya wiki akaomba nduguye awe steringi. Tukasema sawa, bosi. Kisha akaomba steringi asife. Sawa, bosi. Kisha muuaji asiwe mfanyabiashara, isije ikaleta picha mbaya. Tukasema ni wazo zuri sana! Tulikuwa watu wazima, wengine wana shahada, na hakuna aliyefungua mdomo kusema kwamba hadithi imekufa. Filamu haikuisha. Kwa hiyo nilipoiona meza ya Miles sikuhitaji mtafsiri.

Na hapa ndipo Glass Onion inapoipita ya kwanza, kwa maoni yangu, na naomba waliokuwa wanashangilia upande wa Knives Out wasikilize. Katika Knives Out ukweli unatosha. Marta anachagua kumwokoa mfanyakazi mwenzake, Fran, hata kama kufanya hivyo kutampeleka jela, na wema huo unamfungulia njia. Ransom anaropoka mwenyewe, polisi wapo, kazi imekwisha. Ni mwisho mzuri, nao unapendeza. Katika Glass Onion ukweli unajulikana na hautoshi. Blanc ameeleza kila kitu, kila mtu amesikia, na Miles anachukua karatasi ya ushahidi, ile ambayo Andi aliandikia wazo la kampuni, anaichoma moto palepale. Mashahidi wanaangalia chini. Mpelelezi bora duniani anasema kazi yake imeishia hapo.

Ni mara ngapi mmeona hilo? Kila mtu anajua, na hakuna kinachofanyika.

Helen anaanza kuvunja vioo. Kimoja, viwili, ukumbi mzima. Mwisho anawasha moto ile nishati hatari ambayo Miles alijitapa nayo, na picha ya Mona Lisa, ambayo tajiri huyo aliikodi ili apendeze nayo, inateketea. Ndipo machawa wanageuka, kwa sababu sasa tajiri hana cha kuwapa. Kuna watu wanasema mwisho huo ni wa fujo. Mimi nasema ni mwisho wa hasira, na hasira hiyo ni ya haki. Mwandishi aliyefanikiwa mara ya kwanza kwa kutuambia wema unashinda, mara ya pili alithubutu kutuambia kwamba wakati mwingine wema unafungiwa mlango. Huo ni ujasiri.

Juu ya fedha nitapita haraka. Ya kwanza iligharimu kama dola milioni 40 na kuingiza zaidi ya milioni 300 kwenye kumbi za sinema. Mwaka 2021 Netflix wakanunua sehemu mbili zinazofuata kwa bei iliyoripotiwa kuzidi dola milioni 400. Glass Onion ikaonyeshwa kumbini wiki moja tu, Novemba 2022, na Desemba 23 ikaingia mtandaoni. Kwa hiyo wengi waliiona wakiwa peke yao, simu mkononi, bando likikata katikati. Filamu ya kumchekea tajiri mjinga inataka vicheko vya wengi. Ndiyo maana nawasihi, ikiwezekana iwekeni ukutani hapa jioni moja, watu 50 waiangalie pamoja, kisha mlete tena ule ubishi.

Na mpelelezi mwenyewe? Namtaka Blanc wa kwanza. Anakaa nyuma ya chumba wakati polisi wanahoji, kimya, anabonyeza noti moja ya kinanda. Hatujui ni bingwa au ni mbabaishaji. Katika ya pili tunamkuta ndani ya beseni la kuogea, amechoka kufungiwa ndani, anacheza mchezo wa mtandaoni na kushindwa. Inachekesha, na Craig anaifanya vizuri. Lakini mtu tuliyemwona bafuni hatutamwogopa tena akikaa kimya kwenye kona. Mkiwa na mpelelezi wenu, msimalize kumwonyesha.

Basi mnataka nichague. Nachagua Knives Out. Naichagua kwa ajili ya Marta, kwa sababu kwa saa mbili nilibeba mzigo wa mtu mwingine na sikutaka kuutua. Na naona Johnson mwenyewe alilitamani tena jambo hilo, maana katika filamu ya tatu, Wake Up Dead Man ya 2025, alitupa padri kijana anayeshukiwa kuua, mtu mwenye moyo, akatuacha tutembee naye. Alirudi kwa mtu wa kumwogopea. Hakurudi kwenye ile sebule.

Sasa nije kwenye kazi zenu. Mlileta kurasa za mwanzo za filamu za mauaji, na kaka mmoja ameleta tayari sehemu ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Huyo nitazungumza naye pembeni. Nimesoma zote. Mna lokesheni ambazo watu wa mbali wangelipia ndege kuja kuziona: mawe, mwalo wa Kirumba alfajiri dagaa zikishushwa, boti ya mwisho imeondoka na watu wamebaki kisiwani. Mna wahusika. Nilichofanya ni kuweka alama ya kalamu nyekundu mahali ambapo mtazamaji anapewa siri kwa mara ya kwanza, na ya bluu mahali anapopata mtu wa kumwogopea.

Katika kazi nyingi nyekundu iko ukurasa wa mwisho kabisa, na bluu haipo. Kuna moja tu ambayo bluu iko ukurasa wa pili: ile ya kambi ya wavuvi Ukara, ambapo mpishi ameona nani amelegeza kamba ya mtumbwi na anatakiwa kumpikia mtu huyo chakula cha jioni. Dada uliyeiandika, naomba uje mbele. Tusomee kuanzia pale mpishi anapoulizwa kama alilala vizuri, na ninyi wengine shikeni kalamu: mtakapoona mmeanza kumwogopea mtu mwingine zaidi ya mpishi, nyosheni mkono.